Kukaa Kimya Mwanza: Mwongozo kwa Anayeulizia Kuamka Kiroho

Wengi wanaoulizia kuamka kiroho huanzia mwisho. Wanataka kujua jicho la tatu linafunguliwaje, mwili kutetemeka kunamaanisha nini, mbona wameona mwanga wa zambarau walipofumba macho. Na bado hawajawahi kukaa dakika kumi bila kugusa simu. Mwongozo huu unaanzia chini: mahali, mkao, pumzi, halafu yale ya ajabu yanayomtokea mtu akishazoea, na namna ya kuyapima. Umeandikwa kwa mtu wa Mwanza na mwambao wa ziwa, kwa hiyo mbu wamo, kelele za jirani zimo, na kichocho kimo.

Saa na mahali

Saa nzuri ni alfajiri, na sababu yake haina siri yoyote: nyumba za kupanga zina watu wengi, na ikifika saa moja kila mlango una redio yake. Kwa Mwanza jua huchomoza kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja asubuhi, kutegemea mwezi wa mwaka. Adhana ya alfajiri inatosha kuwa kengele yako, uwe Mwislamu au Mkristo. Amka, nenda haja, nawa uso, kunywa maji nusu glasi, kaa. Chai baadaye. Simu ibaki chumba kingine. Kama ndiyo saa yako ya kuhesabia muda, iweke hali ya ndege tangu usiku.

Ukikosa alfajiri, saa ya pili kwa ubora ni jioni kabla ya kula. Baada ya ugali na sato utasinzia tu, usijidanganye.

Mahali pa kwanza pawe ndani. Kona moja ya chumba, ileile kila siku. Mbu wa malaria huuma usiku hadi kunakucha, kwa hiyo kukaa kitandani ndani ya chandarua ni busara kabisa, mradi godoro lisiwe laini mno. Usiwashe dawa ya mbu ya kuchoma ukakaa nayo kwenye chumba kilichofungwa. Utakuwa unavuta moshi kwa utulivu mkubwa.

Mawe ya Mwanza yanavutia, na ni kweli kwamba kukaa juu ya jiwe ukitazama ziwa kuna raha yake. Lakini yana masharti. Nenda na mwenzako, hasa kama ni mwanamke au kama ni kabla ya mwanga. Jiwe la ukingoni lenye utando wa kijani linateleza kama sabuni. Kaa mbali na matete, huko ndiko viboko na mamba wanakopita. Dhoruba za Ziwa Victoria hupenda usiku na asubuhi mapema, kwa hiyo ukisikia radi hata ya mbali, shuka. Mtu aliyekaa juu ya jiwe refu ndiye aliye juu kuliko vyote vilivyo karibu naye. Na usitumbukize miguu majini ukatafakari. Vimelea vya kichocho hutoka kwa konokono na kupenya ngozi bila wewe kuhisi chochote, hasa mchana jua likiwa kali. Jiwe la Bismarck liache liwe la kupigia picha: hapo watu hawakatiki.

Mkao

Lengo la mkao ni moja: uti wa mgongo usimame wenyewe bila misuli kuhangaika. Ili hilo litokee, nyonga lazima ziwe juu kuliko magoti. Ukikaa chini kwenye mkeka mtupu, nyonga huzama, mgongo hupinda, na baada ya dakika saba kiuno kinalalamika. Kunja kanga tatu au nne, au blanketi moja, hadi upate unene wa inchi nne hivi, ukalie ukingo wa mbele tu. Magoti yaguse chini. Yasipogusa, ongeza unene au yawekee nguo chini yake.

Kigoda kifupi kinafaa. Kiti cha plastiki kinafaa pia, na kwa mwenye matatizo ya magoti ndicho bora. Sogea mbele usiegemee, nyayo zote mbili zikanyage sakafu. Mikono iweke juu ya mapaja. Kidevu kirudi ndani kidogo. Ulimi uguse nyuma ya meno ya juu, hiyo hupunguza mate. Macho yafumbe, au yaache nusu wazi yakitazama sakafu hatua moja na nusu mbele yako. Mwenye kusinzia haraka achague nusu wazi.

Miguu itakufa ganzi. Huo ni mshipa wa fahamu uliobanwa, hauhusiani na roho wala mizimu. Badilisha mguu ulio juu, na ukimaliza usinyanyuke ghafla: nyoosha miguu, subiri ganzi iishe, ndipo usimame. Watu wameanguka na kuteguka kifundo kwa kupuuza hili. Ganzi ikidumu zaidi ya nusu saa, au mguu ukawa unaburuta, hamia kwenye kiti moja kwa moja.

Pumzi

Anza na pumzi tano za makusudi: vuta kwa pua ukihesabu hadi nne, toa kwa pua ukihesabu hadi sita. Kutoa kurefu kuliko kuvuta hupunguza kasi ya moyo, ndiyo maana mwili hutulia. Weka kiganja juu ya kitovu; tumbo lipande unapovuta na lishuke unapotoa. Kama kinachopanda ni mabega, unapumulia juu, na hapo utachoka.

Baada ya hizo tano, acha kuongoza. Pumzi ijiendeshe, wewe uhesabu tu. Kila unapomaliza kutoa, hesabu moja. Pumzi inayofuata, mbili. Hadi kumi, kisha rudi moja. Ukipotea, rudi moja. Ukijikuta uko kumi na nne, rudi moja. Hakuna daraja la juu zaidi ya hapa kwa wiki nne za kwanza, na hili huwaudhi watu waliokuja kutafuta nguvu.

Hapa lipo onyo. Zimesambaa video zinazofundisha kupumua haraka na kwa nguvu, pumzi thelathini au arobaini mfululizo, kisha kuzibana. Mtu huhisi vidole vinachoma, midomo inakakamaa, mikono inajikunja, kichwa chepesi, na mwenye video anasema nishati imepanda. Kilichotokea ni kwamba umetoa hewa ya kaboni nyingi kuliko kawaida, kemia ya damu imebadilika kwa muda, na mishipa inayopeleka damu kwenye ubongo imesinyaa. Mtu anaweza kuzimia. Usifanye hivyo juu ya jiwe, na kamwe usifanye ukiwa majini au kabla ya kuogelea, kwa sababu mwili hupoteza onyo la kukosa hewa na mtu huzama kimyakimya. Mwenye kifafa, mwenye ugonjwa wa moyo na mjamzito waachane nazo kabisa.

Akili ikiondoka

Itaondoka. Utahesabu mbili, tatu, halafu utajikuta soko la Mlango Mmoja unabishana na mtu juu ya bei ya viatu vya mtumba. Watu wengi hufikiri hapo wameshindwa. Ile nukta ya kugundua kwamba umeondoka ndiyo zoezi lenyewe; kabla yake hukuwa na habari, sasa unayo. Msukuma anayechunga ng'ombe akimwona mmoja ameingia kwenye jaruba la mpunga la watu, humtoa na kumrudisha kundini, hakai kumtukana ng'ombe. Fanya vivyo hivyo: taja kimoyomoyo kilichokuchukua, kwa neno moja tu, kuwaza, kupanga, kukumbuka, hasira, kisha rudi moja.

Neno liwe moja. Ukianza kujieleza kwa nini umewaza hilo, hayo ni mawazo mapya yenye nguo za hekima.

Sauti za nje hazina haja ya kufukuzwa. Injini ya mtumbwi, mlio wa furukombe, mama anayepiga ufagio uani, honi ya bodaboda: ziache zije na ziende. Kwenye mawe utakutana pia na wale mijusi wenye kichwa chekundu na mwili wa buluu, dume akipiga kichwa juu chini kama anayekubali kila unachosema. Mtazame pumzi mbili, rudi.

Muda na ratiba

Wiki ya kwanza dakika kumi kwa siku. Kila wiki ongeza tano hadi ufike ishirini na tano, ukae hapo. Dakika kumi kila siku zinazidi saa moja ya Jumapili. Mafunzo ya tafakuri yanayotumika kwenye hospitali nyingi za nje, yale aliyoyaanzisha Jon Kabat-Zinn mwaka 1979 huko Massachusetts, Marekani, yamepangwa kwa wiki nane. Chukua muda huo kama kipimo chako cha kwanza kabla ya kusema inafaa au haifai. Mvuvi wa dagaa ambaye usiku wa giza yuko ziwani na karabai asijilazimishe alfajiri. Alale kwanza, akae mchana akiamka. Usingizi usikatwe kwa ajili ya tafakuri. Tutarudi kwenye hili, maana ndilo linaloharibu watu.

Mambo ya ajabu

Kuanzia wiki ya tatu hivi, wengine mapema zaidi, mambo huanza kuonekana. Yachukue moja moja.

Mwanga na rangi machoni. Macho yaliyofumbwa hayazimi ubongo wa kuonea. Ukikosa picha huchora zake. Zambarau, kijani, vidoa vinavyozunguka ni kawaida. Rudi moja.

Mwili kuwa mkubwa kama nyumba, au mikono kupotea. Ukikaa bila kujongea, ngozi na viungo hupunguza taarifa kwenda kichwani, na ile ramani ya mwili hulegea. Sogeza kidole kimoja, ramani inarudi.

Sauti inayoita jina lako, sura za watu, hisia ya kuanguka. Hapo uko kwenye mpaka wa usingizi. Ukitaka kujua, angalia kidevu: kimeshafika kifuani. Fungua macho, nyoosha mgongo. Likikutokea usiku umelala, umeamka huwezi kujongea na kuna mzigo kifuani, hilo ni jinamizi: akili imeamka kabla misuli haijafunguliwa. Huja zaidi kwa mwenye usingizi mchache na anayelala chali. Lala ubavu, rudisha saa zako za kulala.

Machozi bila sababu. Mara nyingi sababu ipo, ilikuwa imefunikwa na shughuli. Msiba ambao hukuulilia, maneno uliyoyameza. Yaache yatoke. Yakiendelea siku tatu nne mfululizo hata nje ya kikao, punguza muda uwe dakika tano na uzungumze na mtu mzima unayemwamini.

Utulivu mkubwa, furaha isiyo na kisa, kujiona huna mpaka na ziwa wala jiwe ulilokalia. Hili ndilo wengi huliita kuamka. Ni zuri, na kwa kawaida halikai. Kosa linalofanyika hapa ni kukaa kesho yake ukiwa unalisubiri, kwa sababu sasa huhesabu pumzi, unavizia. Wengine hukwama miaka wakitafuta asubuhi moja irudi.

Na dini yangu?

Kuhesabu pumzi hakuna maneno, sanamu wala kiapo, kwa hiyo hakuombi uache chochote. Mwislamu aliyezoea dhikri na Mkatoliki aliyezoea rozari tayari wanajua kurudisha akili kwenye jambo moja. Ukipenda, badala ya namba tumia jina au sala fupi ya imani yako, neno moja kwa kila pumzi inayotoka. Kama kiongozi wako wa dini ana wasiwasi, mweleze hasa unachofanya, kwa maneno ya kawaida, bila kutaja chakra, vile vinavyoitwa vituo vya nishati mwilini.

Anayekutaka uape, ufiche, au ulipe ili akufungue, huyo anauza kitu kingine. Bei yake mara nyingi hupanda kila hofu yako inapopanda.

Ni nani anayetazama?

Baada ya wiki nane, kama usingizi na kazi viko sawa, unaweza kuongeza zoezi la swali. Ramana Maharshi wa Tiruvannamalai, India (1879–1950), alilifanya kuwa kiini cha mafundisho yake: kila wazo likija, uliza limemjia nani, kisha tafuta huyo.

Lifanye hivi. Kaa kawaida dakika kumi na tano. Kisha chagua sauti moja inayodumu, kwa mfano injini ya kivuko cha Kamanga kikiwa mbali. Sikiliza. Jiulize: huku kusikia kuko wapi? Utahisi kuko masikioni, au nyuma ya macho. Sasa ile hisia ya kuwa nyuma ya macho nayo inaonekana, nani anaiona? Usijibu kwa maneno. Angalia kisichopatikana, pumzi mbili tatu, halafu achia. Dakika tatu tu kwa kikao, zisizidi tano.

Unachoweza kukigundua ni kwamba yule mimi uliyedhani amekaa humo ndani kama dereva hapatikani ukimtafuta, na bado kuona na kusikia vinaendelea. Je, hiyo ni siri ya ulimwengu au ni tabia tu ya ubongo? Sayansi inaweza kuonyesha sehemu gani za ubongo hushughulika mtu anapojiwazia, na kwamba hutulia kidogo kwa waliozoea tafakuri. Lakini kwa nini kuwepo hisia yoyote kabisa, kwa nini haya yote yasifanyike gizani bila wa kuyaona, hilo mwanafalsafa David Chalmers alilipa jina la tatizo gumu mwaka 1995 na mabishano hayajakwisha. Maoni yangu ni kwamba mtu aliyekaa mwezi mmoja na kusema amelijibu, hajalielewa.

Zoezi hili lina upande wake mbaya. Baadhi ya watu hutoka nalo wakijiona kama wako nyuma ya kioo, mambo yote si halisi, mwili si wao. Likikutokea, acha zoezi la swali, acha hata kuhesabu kwa siku kadhaa. Fua nguo kwa mikono, ponda karanga, kula chakula cha moto, kaa na watu, lala. Kwa kawaida hisia hiyo hupungua. Isipopungua ndani ya wiki mbili, au ikikuzuia kufanya kazi, nenda hospitali.

Kupima

Nunua daftari la kurasa arobaini. Kila Jumapili andika mistari minne: umelala muda wa saa ngapi kwa usiku, kwa wastani, umegombana na nani, una deni jipya gani, na jambo gani ulimwahidi mtu na hujalitimiza. Usiandike rangi ulizoona. Baada ya wiki nane soma tangu mwanzo, kisha muulize mwenzi wako au unayeishi naye, bila kumwambia daftari linasemaje, kama kuna kilichobadilika kwako. Mke aliyechoka atakujibu ukweli kwa sentensi moja.

Daftari hili hufichua jambo moja kila mara: mtu anayejiita ameamka, lakini ameacha kulipa ada ya watoto, anawadharau wenzake kazini kwamba wamelala, na anashinda akieleza maono. Huyo apunguze kukaa, aongeze kazi za mikono.

Lini kusimama na kutafuta daktari

Dalili hizi hazihitaji mwalimu wa kiroho. Usiku mbili au tatu bila usingizi na bado huhisi uchovu. Mawazo yanayokimbia, maneno hayakatiki, kutumia fedha hovyo. Sauti zinazoamuru. Kuamini kwamba umetumwa wewe peke yako. Kutaka kufa. Hatari huongezeka pale mtu anapochanganya kufunga, kukesha na kukaa saa nyingi kwa wakati mmoja, na zaidi kama katika ukoo kuna aliyewahi kuugua akili. Mtu wa namna hiyo asianze na kambi za siku kumi za kimya.

Huku kwetu kuna jambo la kufanya kabla ya yote: mwenye dalili hizi apimwe malaria. Malaria kali hupanda kichwani, mtu akaweweseka na kuona visivyokuwepo, na saa zinazopotea akiombewa au akifukizwa ndizo zinazoua. Kituo cha afya chochote kina kipimo cha damu ya kidole. Kama hana malaria, hospitali ya rufaa ya mkoa Sekou-Toure au ya kanda Bugando ndizo za kwenda. Aende na ndugu anayejua lini alilala mara ya mwisho na anatumia dawa gani. Sala iendelee sambamba, hakuna daktari anayeizuia.

Na dawa zisiachwe. Za kifafa, za kisukari, za presha, ARV, za akili: hakuna utulivu wa alfajiri unaochukua nafasi ya kidonge, na za kifafa zikikatwa ghafla degedege hurudi kwa nguvu.

Aliyetibiwa akitaka kurudi, apate kwanza kauli ya aliyemtibu, na asianze kwa kukaa. Aanze kwa kutembea: hatua ishirini uani, macho wazi, pekupeku kama uwanja ni safi, akihisi kisigino kikigusa, kisha unyayo, kisha vidole. Mwisho wa uwanja asimame pumzi moja, ageuke. Dakika kumi, mchana, nyumbani kukiwa na watu. Wiki nne za hivyo, usingizi ukiwa wa saa saba au zaidi, ndipo arudie kiti na dakika tano za kuhesabu, macho nusu wazi. Zoezi la swali aliache kwa mwaka huo.